Waliofia Nyumbani

Sehemu ya sita: Mlango

Tulimwacha Dina chini, katikati ya barabara kuu, ndoo yake imebingirika hadi mtaroni. Lori la mahindi lilikuwa limesimama mbele yake, injini bado inanguruma. Raheli alikuwa amepiga magoti kando yake. Na kutoka upande wa nyumba, wanaume wanne walikuwa wanakuja mbio wamebeba kitanda.

Kitanda kile kilimtisha Raheli kuliko lori.

"Msimguse," alisema.

Hakuna aliyemsikiliza. Kitanda kilitua vumbini, kitanda cha miti kilichowambwa ngozi ya ng'ombe, na mikono minane ikainama kumwinua Dina kama mtu anavyoinua gunia. Dina akatoa sauti ambayo Raheli hakuwahi kuisikia hata wodini.

Ndipo Raheli alipofanya jambo ambalo msichana aliyelelewa vizuri kwao Mandewa hakutegemewa kulifanya mbele ya wakubwa. Alikipiga kitanda teke kikapinduka.

Wanaume wakarudi nyuma, wakamtazama.

Raheli alikuwa muuguzi msaidizi kutoka mjini Singida. Alikuwa ametumwa kuhesabu watu waliouawa na magari katika vijiji vipya vya kando ya barabara, na hapa Jitegemee ndipo alipoanzia. Kijiji kilikuwa kizuri kukitazama. Tangu Operesheni ya serikali iwahamishe watu kutoka bondeni, nyumba zilipangwa kwa mistari upande huu wa barabara, na mashamba na kisima vikabaki upande ule. Kila ndoo ya maji ilivuka barabara ikiwa tupu, ikavuka tena ikiwa imejaa.

Kesho yake Bwana Laurenti wa mipango angefika na Landrova yake kuamua mahali pa kuchimba kisima cha bomba. Kama watu wanakufa barabarani, bomba lingeletwa upande wa nyumba. Kama hawafi, lingewekwa ng'ambo, ambako maji hayako mbali chini na kazi ni rahisi.

Raheli alikuwa amepita nyumba zote akiuliza swali moja: nani amekufa barabarani? Na nyumba zote zilimkaribisha, zikampa kigoda na uji, zikamjibu bila kusita kwamba hakuna. Watu walikuwa wamekufa, ndiyo, lakini kwa tumbo, kwa kifua, kwa homa. Tumbo lilikuwa jingi mno hata akaagiza dawa ya minyoo kutoka mjini.

Sasa alikuwa ameshika tumbo la Dina, na tumbo hilo lilikuwa linakaza chini ya kiganja chake kama ngozi ya ngoma iliyowekwa juani.

Alijua maana yake. Damu ilikuwa inamwagika ndani.

"Binti," alisema Mzee Naftali, baba mkwe wa Dina. Ndiye aliyekuwa balozi wa nyumba kumi, na kitanda kile kilihifadhiwa kwake. Hakupandisha sauti. "Ulikuja vizuri, tukakupokea vizuri. Sasa ondoka hapo. Apite mlangoni akiwa na pumzi."

"Mzee, akipita mlangoni atafia humo humo ndani."

"Ndivyo mtu anavyotakiwa kufa."

Wengine wakaitikia chini chini. Huko bondeni walikotoka watu wa Jitegemee, mtu aliyefia njiani hakuzikwa karibu na nyumba. Hakuombolezewa kwa nyimbo, wala jina lake hakupewa mtoto. Alibaki njiani peke yake. Kwa hiyo mtu akiumia safarini, ndugu walimkimbiza afike kwao kabla pumzi haijakatika. Akishavuka kizingiti, hata akifa saa ile ile, amefia kwao, na heshima zake zote ni zake. Ilikuwa desturi ya upendo. Huko bondeni watu waliangushwa na ng'ombe au na mti, na magari hayakuwepo.

Jirani mmoja alikuwa ameshapanda baiskeli kwenda kumwita Paskali, mume wa Dina. Paskali alikuwa Songambele, kijiji cha pili kwenye njia ya mjini, akifyatua matofali ya shule. Baiskeli ikapotea kwenye vumbi.

Basi, msomaji, tuitazame barabara ilivyokuwa. Huku Raheli amemkumbatia mgonjwa asichukuliwe. Huku wazee na kitanda chao. Na pale kwenye lori, vijana waliotoka shambani wamelizunguka, na kila mmoja ana jiwe mkononi.

Dereva aliitwa Filipo. Angeweza kuondoka. Njia ya Ulemo, alikokuwa anaelekea, ilikuwa wazi mbele yake na injini ilikuwa haijazimwa. Wengi kabla yake waliondoka, ndiyo maana polisi nao hawakuwa na jina la mtu yeyote aliyegongwa Jitegemee.

Mlango wa lori ukafunguka. Filipo akashuka polepole, mikono ikionekana. Alikuwa mtu mzima, mnene kidogo, shati limelowa mgongoni. Kijana mmoja akainua jiwe.

Filipo hakumtazama. Alitembea moja kwa moja hadi kwa Mzee Naftali, akavua kofia.

"Shikamoo, mzee."

Hata wenye mawe walielewa alichokuwa anaomba. Salamu ikiitikiwa, mtu amekuwa mgeni, na mgeni hapigwi mawe mbele ya mwenyeji wake. Ikikataliwa, basi.

Mzee Naftali alimtazama mtu aliyemgonga mkwewe. Mishipa ya shingo ilisimama. Lakini tangu azaliwe hakuwahi kuiacha shikamoo idondoke chini, na hakujua namna ya kuanza leo.

"Marahaba," alisema.

Jiwe moja likaanguka. Kisha mengine.

"Umeitikiwa," akasema Bibi Yunisi, mkongwe wa nyumba ya tatu, aliyekuwa amefika akichechemea. "Sasa zima hilo dude lako, linatutia moshi."

Filipo akaenda kulizima. Bibi Yunisi hakusema zaidi. Alifungua kanga yake ya mabegani, akaishika kwa mikono miwili juu ya uso wa Dina kumkinga na jua, akasimama hivyo. Mikono ilimtetemeka kwa uzee, lakini hakuishusha.

Filipo aliporudi alieleza kwamba basi lilikuwa limepita na kuacha vumbi kama ukuta, na Dina akatokea ndani yake na ndoo kichwani. Hakujitetea zaidi ya hapo. Kisha akasema lori lake ni zima, mafuta yapo, na atageuza sasa hivi ampeleke mjini hospitali.

"Katika gari hilo?" aliuliza Mzee Naftali. "Gari hilo ndilo barabara yenyewe. Akifia humo, amefia wapi?"

Wanaume wanne wakakiinua kitanda tena, wakakisogeza taratibu, safari hii wakimzunguka Raheli kutoka pande mbili.

Raheli alikiangalia kitanda. Aliiona ngozi yake jinsi ilivyokuwa na madoa meusi katikati, doa juu ya doa, lingine la zamani, lingine jipya.

Alikumbuka matumbo yote aliyoambiwa.

"Mzee," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kitanda hiki kimewabeba nani wengine kutoka barabarani?"

Mzee alikitazama kitanda.

"Siulizi nani alikufa barabarani. Nimeshajibiwa hilo. Nauliza nani alibebwa kutoka hapa akaingizwa ndani."

Bibi Yunisi alijibu bila kushusha kanga.

"Mume wangu," alisema. "Landrova ya wapimaji. Aliingia ndani anapumua, akauliza kama mbuzi wamefungwa. Akafa alfajiri. Tumbo."

Mwanamke aliyekuwa nyuma yake akasema mama yake mdogo, wakati wa palizi. Aliishi mpaka Jumapili. Kifua. Fundi baiskeli akamtaja mkewe, akageuka upande mwingine haraka. Mtu akamkumbuka bubu aliyechunga ng'ombe wa kijiji, ambaye hakusikia honi. Mwingine akasema mtoto wa dada yake, halafu akashindwa kuendelea, na jirani yake akamshika kiunoni wakasimama hivyo wote wawili.

Raheli hakuandika. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwa Dina. Ni Bibi Yunisi aliyekuwa anahesabu kwa kugongagonga vidole vyake kwenye upindo wa kanga. Mkono mmoja ulijaa, akaanza wa pili.

Mzee Naftali alisubiri mpaka wote wamenyamaza.

"Na mke wangu," alisema. "Mama yake Paskali. Alipita mlangoni, akaniomba maji, nikampa. Juzi ulipoketi kwangu nilikuambia ni tumbo."

"Ndiyo, mzee."

"Sikukudanganya. Alikufa nyumbani kwake."

"Najua hukunidanganya, baba," alisema Raheli. "Mimi niliuliza vibaya. Wote hao wameuawa na barabara, na wote wamefia nyumbani. Yote ni kweli. Lakini huyu bado hajafa. Damu inamwagikia ndani ya tumbo, na paja limevunjika. Hapa nina maji na maneno tu. Mjini kuna daktari anayeweza kufungua na kuziba. Mkimbeba ndani, kesho nitamwongeza kwenye vidole vya bibi."

Dina alikuwa anasikia. Aliinua mkono kidogo, akaushika upindo wa suruali ya baba mkwe wake, kama mtoto anavyomshika mtu sokoni asipotee.

"Baba," alisema. "Usinizike njiani. Lakini nataka kuishi."

Mzee alifunga macho.

Raheli aliona hana muda wa kusubiri wazee wakubaliane. Alianza kazi. Alimwomba Filipo alete kamba. Akasema mifupa haitavumilia kitanda kinacholegea katikati, anataka kitu kigumu, kirefu kama mtu.

"Ubao wowote," alisema huku akifunga paja. "Benchi la darasani. Hata mlango."

Mzee Naftali akafungua macho.

Akageuka akaondoka kuelekea nyumba zake. Hakuaga. Baadhi walidhani amesusa, na mwanamume mmoja akasema wazi kwamba mzee ameshindwa kutazama.

Kisha wakasikia shoka. Pigo la kwanza, la pili, halafu mlio wa bawaba zinazong'oka.

Alirudi mlango uko mgongoni, ameinama mpaka uso unaelekea chini. Ulikuwa mlango wa mninga, mzito, aliouchonga mwenyewe alipooa. Siku ya kuhamishwa aliambiwa achukue kinachobebeka. Aliacha ghala na zizi, akaubeba huo. Mke wake alipita juu ya kizingiti chake akiwa bibi harusi, na akapitishwa hapo mara ya mwisho akiwa juu ya ngozi ya ng'ombe.

Aliuweka chini kando ya Dina.

"Aliyelala juu ya mlango wa kwao yuko kwao," alisema.

Hakuna aliyewahi kusikia neno hilo. Halikuwa la wahenga. Watu walilipima kimya kimya, na hakuna aliyepata mahali pa kulikatalia.

"Na nyumba yako usiku itafungwa na nini?" aliuliza Bibi Yunisi. "Fisi waingie wakupe shikamoo?"

"Watakuta niko Singida."

Basi wakamsogeza Dina kwenye mlango, safari hii kwa maneno ya Raheli: wewe kichwa, wewe kiuno, wote pamoja. Vijana walewale waliokuwa na mawe walipanda juu ya lori wakapanga magunia ya mahindi ya njano yawe sawa kama godoro. Yalikuwa mahindi ya msaada, na kijiji kilikuwa na njaa tangu mvua zikatike. Gunia moja lilipasuka, punje zikamwagika barabarani. Hakuna mtu aliyeinama kuzichukua mpaka lori lilipoondoka.

Bibi Yunisi alipandishwa kama mzigo, akigomba njia nzima kwamba wasimshike mbavu. Mzee Naftali akaketi upande mmoja wa mlango, Raheli upande wa pili. Filipo akaligeuza lori lielekee mjini.

Aliendesha kama mtu aliyebeba mayai, halafu Raheli akagonga paa la kibanda cha dereva na kumwambia aongeze mwendo. Akaongeza. Akagonga tena.

Mapigo ya mkono wa Dina yalikuwa madogo na ya haraka. Jua lilimpiga kutoka kushoto, na Bibi Yunisi aliinua tena kanga yake upande huo. Raheli alimsemesha ili asisinzie. Alimuuliza habari za Paskali.

Midomo ya Dina ilikuwa mikavu, lakini pembe moja ilicheka.

"Yule wa matofali," alisema. "Akirudi jioni simwangalii usoni. Naiona kwanza miguu, myekundu kwa udongo mpaka magotini. Nasema, mume wangu kaja." Akavuta pumzi. "Baiskeli itakuwa imemfikia. Mwambieni asiingie wodini na ule udongo. Akaoge kwanza."

"Tutamwambia."

"Atakuja mbio, namjua."

Mzee Naftali alikuwa ameweka kiganja chake juu ya ubao, karibu na kichwa cha mkwewe, bila kumgusa, kama desturi inavyotaka. Lori liliporuka shimo, alikitelezesha kiganja chini ya kichwa cha Dina. Hakukiondoa tena.

Kabla ya kufika Songambele barabara inapinda kuzunguka mawe makubwa. Filipo alipomaliza kona, alikanyaga breki.

Ya kwanza kuonekana ilikuwa Landrova. Ilikuwa imeingia mtaroni kwa upande, taa moja imevunjika, mlango wa dereva uko wazi. Kando yake alisimama mtu mwenye kaptula nyeupe na soksi ndefu, kofia mkononi. Raheli alimtambua mara moja. Bwana Laurenti alikuwa ameamua kuja leo badala ya kesho.

Ya pili ilikuwa baiskeli ya yule jirani aliyekwenda kumwita Paskali, imelala kando ya njia.

Cha tatu kilikuwa kinakuja kuwaelekea. Wanaume wanne walikuwa wanakimbia katikati ya barabara wakitokea Songambele, wanaelekea Jitegemee, na mabegani wamebeba kitanda.

Filipo akachungulia dirishani na kumuuliza Raheli afanye nini. Raheli alishika mkono wa Dina. Ulikuwa umeanza kupoa. Wakisimama, kila pumzi itakayopotea hapa ni ya Dina. Wakipita, yule mwingine atavushwa kizingiti cha mtu, na kesho kutwa atasemwa amekufa kwa tumbo.



Mzee Naftali alikuwa ameshasimama juu ya magunia. Aliinua mkono mmoja, akawaita wabebaji kwa sauti aliyoitumia zamani kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde.

"Leteni hapa. Mlango unatosha wawili."

Wabebaji wakasimama, wakahema. Wakakisogeza kitanda ubavuni mwa lori, upande wa kulia. Uso wa aliyelala ulifunikwa shati la mtu kumkinga na jua. Shati lilikuwa linapanda na kushuka. Alikuwa na pumzi.

Kitanda kilikuwa kifupi. Miguu ilitokeza.

Raheli aliiona kwanza. Ilikuwa myekundu kwa udongo mpaka magotini.

Alimtazama Mzee Naftali. Mzee naye alikuwa ameiona. Hakulia, wala hakusema jina la mtu. Aliketi tu, polepole, kama nyumba inayotitia, na kiganja chake kikarudi chini ya kichwa cha mkwewe.

Raheli aliivuta kanga kutoka mikononi mwa Bibi Yunisi. Akaitandaza upande wa pili, kati ya Dina na kitanda kile, akaishika juu kwa mikono yote miwili.

Dina alikuwa amefumba macho. Sasa macho yake yalifunguka, makubwa na angavu, yakaitazama kanga, kisha yakaligeukia jua lililokuwa linampiga usoni kutoka kushoto.

"Dada Raheli," alisema. "Jua liko upande ule. Huku unanikinga na nini?"